Kuchuja kamba cheri hadi wekundu ukolee: mwongozo kamili kwa mwenye tangi nyumbani

Ujumbe ni ule ule, anayeutuma tu ndiye hubadilika: "Kaka, nilinunua kamba kumi wekundu kabisa, wamezaana vizuri, lakini watoto wanatoka kama chai ya rangi iliyochujuka. Niliuziwa feki?"

Mara nyingi hukuuziwa feki. Ulichanganya rangi, au ulichuja (yaani ulitoa wenye rangi mbaya ili wabaki wazuri wazae) mapema mno, au ulitoa kamba wasio na kosa lolote. Hili la mwisho ndilo huwaangusha wengi. Mimi nilifanya yote matatu ndani ya mwaka mmoja na nusu.

Mwongozo huu ni wa kamba cheri tu, Neocaridina davidi, wale wadogo wa sentimita mbili na nusu hadi tatu wanaofugwa kwa mapambo kwenye tangi la kioo. Porini, huko China, Taiwan na Korea, wana rangi ya udongo na ukiwatazama unaona mpaka matumbo. Wekundu ni kazi ya watu waliochagua, na ukiacha kuchagua, rangi hurudi nyuma kizazi baada ya kizazi. Wale wenye mistari myeupe na myekundu wanaoitwa Crystal Red ni jenasi nyingine, Caridina, nao wanataka maji laini (yenye madini machache) na yenye asidi kidogo. Usiwatumie hao namba za hapa.

(Mama yangu huwaita uduvi, na kila akija huuliza watapikwa lini. Nimeacha kubisha.)

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kununua kamba hata mmoja

Matangi mawili, matatu ukiweza. Kila moja lita 40 hadi 60. Tangi la sentimita 60 kwa 30 kwa 30 hushika lita 54, linatosha. Moja ni la ukoo, yaani wale unaowazalisha. La pili ni la waliotolewa. La tatu ni la wageni wanaosubiri. Kwa tangi moja utafuga kamba, hutaweza kuwachuja, kwa sababu huna pa kuwapeleka unaowatoa.

Ukitengenezewa na fundi vioo, mwambie atumie silikoni ya kawaida, isiyo na dawa ya kuzuia ukungu. Ile ya bafuni ina sumu. Likishaundwa, liache wiki nzima hadi harufu ya siki iishe.

Filta ya sponji na pampu ya hewa. Filta za kufyonza kwa nguvu humeza watoto, maana wakianguliwa wana milimita mbili hivi. Sponji haiwamezi, tena wanakwangua chakula juu yake.

Kokoto laini za rangi nyeusi. Usichote mchanga wa ufukweni, una makombe yanayozidi kuyafanya maji kuwa magumu.

Mosi ya Java (mmea mdogo wa majini unaosambaa kama zulia) na majani ya mkungu. Mosi ni maficho ya watoto. Mkungu ni huu huu tunaookota kungu zake, na wafugaji wa nchi za baridi huununua majani yake kwa pakiti. Wewe okota yaliyoanguka na kukauka yenyewe, mbali na barabara na mashamba yanayopigwa dawa, uyasuuze na kuyachemsha dakika chache.

Vipimo: amonia, nitriti, nitrati, pH (asidi ya maji), ugumu wa maji (GH, yaani kalsiamu na magnesiamu), KH (kinachozuia pH isiyumbe), kipimo cha TDS (jumla ya madini na chumvi majini) na themometa. Fedha ikibana, anza na TDS, amonia na nitriti.

Mpira wa dripu kutoka duka la dawa, ule wenye gurudumu la kukaza. Nitaeleza kazi yake.

Bakuli jeupe, tochi, wavu laini, daftari. Daftari si mapambo. Bila tarehe hutajua nani ana umri gani, na bila umri huwezi kuchuja.

Pampu ndogo ya hewa ya betri, kwa ajili ya siku umeme unapokatika.

## Hatua ya 1: Yajue maji yako

Unayolenga ni haya: pH 6.8 hadi 7.6, GH 6 hadi 10, KH 2 hadi 6, TDS 150 hadi 280, joto nyuzi 21 hadi 26. Cheri huvumilia zaidi ya hapo. Ila kuvumilia si kuzaa, na asiyezaa hakupi cha kuchagua.

Chukua kipimo cha TDS upime bomba, kisima na maji ya mvua kabla ya kuamua. Visima vingi vya Dar es Salaam vina chumvi. Mombasa na Unguja, kisima kinapopita kwenye mwamba wa matumbawe, maji huwa magumu. Ukikuta 500 au zaidi, yachanganye na maji ya mvua hadi namba ishuke. Acha mvua za kwanza za msimu zioshe paa, kisha ndipo ukinge.

Usitumie maji ya mvua peke yake. Hayana madini, na kamba hujenga gamba lake kwa madini. Wala usikinge yale yanayodondoka kwenye kiyoyozi, hata kama yanaonekana masafi kama ya chupa: yamegusa mabomba ya shaba, na shaba kidogo tu huua kamba.

Maji ya bomba yenye klorini yaache kwenye ndoo wazi saa 24 huku pampu ikitoa mapovu. Kama mamlaka ya maji ya kwenu hutumia kloramini, kusubiri hakusaidii, tafuta dawa ya kuondoa klorini inayouzwa kwenye maduka ya samaki wa mapambo.

Joto ni kilio cha watu wa pwani. Kuanzia Desemba hadi Machi maji ya ndani yanaweza kufika nyuzi 30, na hapo majike huanza kuangusha mayai. Feni ndogo ikipuliza juu ya maji hushusha nyuzi mbili hivi, kidogo zaidi kama chumba si cha unyevu. Weka tangi chini, kwenye ukuta usiopigwa na jua la mchana. Usitumbukize chupa ya barafu: joto hushuka ghafla na kupanda tena, na huko kuyumba ndiko kunakoua. Wa Arusha, Nairobi na Iringa shida yao ni kinyume. Usiku maji yakifika nyuzi 17 kamba hawafi, ila uzazi hulala.

Umefaulu ukipima siku tatu mfululizo na namba zikabaki pale pale. Afadhali TDS 300 isiyotikisika kuliko 200 inayopanda na kushuka.

## Hatua ya 2: Komaza tangi, wiki sita

Jaza maji, washa filta, weka mosi na majani mawili ya mkungu, kisha tia chembe ya chakula cha samaki kila baada ya siku mbili. Chakula kikioza hutoa amonia, bakteria huigeuza nitriti, wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati. Kikosi hicho huchukua wiki nne hadi sita kujipanga.

Kwa samaki ungeweza kuharakisha. Kwa kamba usiharakishe, kwa sababu wanahitaji kitu cha pili: ule utando mwembamba unaoteleza ukipitisha kidole kwenye kioo. Ndicho chakula cha watoto wiki zao za kwanza. Tangi jipya linalong'aa ni nyumba isiyo na jiko.

Tangi liko tayari amonia ikisoma 0, nitriti 0, nitrati chini ya 20, na kioo cha nyuma kikiwa na ukijani kidogo. Huo wa nyuma usiusugue.

### Simama hapa: dawa ya mbu

Nimepokea habari za matangi yaliyokufa usiku mmoja kuliko ninavyoweza kuhesabu, na mara nyingi mwuaji ni mmoja. Dawa za mbu za kupuliza, na nyingi za kuchoma, zina viuadudu vya jamii ya pairethroidi. Kwa mtu si tatizo kubwa. Kamba ni ndugu wa karibu wa wadudu, kwake ni sumu kali. Tena pampu ya hewa hufyonza hewa ya chumbani na kuipuliza ndani ya maji moja kwa moja.

Usipulize dawa chumba chenye tangi. Wakija wapuliza dawa wa mtaa, hamisha pampu chumba kingine, funika tangi kwa nailoni, uzibe mlango. Usifunike tangi kwa chandarua chenye dawa. Mtu mmoja alifanya hivyo kuwazuia kamba wasiruke. Mikono iliyoshika chandarua kipya, ioshe kabla ya kuitia majini. Mimea ya majini uliyonunua iloweke kwenye ndoo siku saba, ukibadilisha maji kila siku, maana huko ilikokuzwa huenda ilipigwa dawa.

## Hatua ya 3: Nunua ukoo, usinunue rangi

Nunua kamba 15 hadi 20 wa rangi moja kutoka kwa mfugaji mmoja. Wadogo wa sentimita moja na nusu ni bora kuliko wakubwa. Kamba cheri huishi mwaka mmoja hadi miwili, na jike zito jekundu linalokuvutia dukani huenda ni bibi kizee, kwa kuwa majike huzidi kukolea kadiri umri unavyosogea.

Majina ya madaraja utayasikia: cheri, Sakura, Fire Red, Painted Fire Red, kutoka rangi hafifu hadi iliyojaa mwili mzima. Hakuna mwamuzi wa majina hayo. Daraja ni neno la muuzaji. Ulizia wazazi, na omba kuona madume. Muuzaji anayekuonyesha madume yenye rangi nzuri ana ukoo. Anayekuonyesha majike manne makubwa kwenye glasi ana majike manne makubwa.

Sasa lile la kuchanganya. Watu hununua wekundu watano, wa buluu watano, wa njano watano, kwa kuwa tangi linapendeza. Miezi mitano baadaye watoto ni wa rangi ya udongo.

Fikiria pikipiki mbili mbovu. Moja haina plagi, nyingine haina cheni. Ukichukua vipuri vya zote mbili unapata pikipiki nzima inayotembea. Rangi nyingi za mapambo zimetokea kwa sababu kitu fulani katika urithi wa kamba wa porini kimekatika, na kila rangi imekatikia mahali pake. Ukizalisha wekundu na wa buluu, mtoto hupata kipuri kizima kutoka kila upande, na anakuwa kamba kamili wa porini, mwenye afya tele na rangi ya matope. Hapo hakuna uchawi wala muuzaji mwongo.

Hata wekundu kwa wekundu kuna mtego. Wanaoitwa Bloody Mary ni wekundu pia, ila ukoo wao ulichaguliwa kutoka kamba wa kahawia iliyokolea, si kutoka cheri. Wasiingie tangi la cheri.

## Hatua ya 4: Waingize kwa matone

Mimina kamba na maji yao kwenye ndoo ndogo safi. Tundika mpira wa dripu kutoka kwenye tangi, anzisha maji kwa kuvuta, kaza gurudumu hadi upate tone moja au mawili kwa sekunde. Subiri saa moja na nusu hadi mbili, maji ya ndoo yawe yameongezeka mara tatu. Kisha wachote kwa wavu uwatie ndani. Maji ya dukani yamwage.

Sababu ni gamba. Mabadiliko ya ghafla ya madini humlazimisha kamba kujivua gamba kabla jipya halijawa tayari. (Huku kujivua gamba ni kwa kweli, si kwa majukwaa ya siasa.) Anayeshindwa utamwona na pete nyeupe inayozunguka mwili kati ya kichwa na tumbo. Wengi wa hao hufa. Ukiona mmoja, angalia ulibadilisha maji kiasi gani wiki hiyo. Ukiona watatu, pima GH.

Ukikuta gamba tupu, jeupe kama la plastiki, usilitoe. Hulila wenyewe wapate madini.

Siku za kwanza watapauka na kujificha. Ndani ya wiki mbili rangi irudi na uwaone wakikwangua mchana kweupe bila woga.

## Hatua ya 5: Waache wazae

Hapa kazi yako ni kutofanya mengi.

Jike aliyekomaa huonyesha tandiko, doa la njano au kijani mgongoni nyuma ya kichwa. Hayo ni mayai yanayojitengeneza. Akijivua gamba hutoa harufu majini, na madume yote huanza kuogelea ovyo kama wamechanganyikiwa. Wanaoanza ufugaji hudhani maji yameharibika, wakayabadilisha. Tulia. Siku hiyo au ya pili utamwona jike amepakata mayai chini ya tumbo, ishirini hadi thelathini, akiyapepea kwa miguu ya kuogelea.

Huyapakata wiki tatu hadi nne, kutegemea joto. Siku za mwisho, ukimulika tochi, utaona vidoa viwili vyeusi kwenye kila yai: macho. Watoto hutoka wakiwa kamba kamili, hawapiti hatua ya kuelea kama kamba wa baharini, ndiyo maana tunaweza kuwazalisha kwenye lita 54.

Chakula: punje ndogo kila baada ya siku moja, kiishe ndani ya saa mbili, kilichobaki kitoe. Mchicha uliochovywa maji yanayochemka dakika mbili ni mzuri. Chakula kikizidi utaletewa planaria, minyoo bapa wenye kichwa cha mshale wanaokula watoto.

Maji: badilisha asilimia 10 kwa wiki, kwa joto lile lile na TDS ile ile, ukiyadondosha polepole. Yanayopungua kwa kukauka yafidie kwa maji ya mvua, si ya bomba. Maji yanayoruka huacha madini nyuma, na ukiongeza ya bomba kila siku TDS hupanda bila wewe kujua.

Jambo moja la joto ambalo wengi hawalijui: watafiti waliolea watoto wa cheri kwenye joto tofauti waliona maji ya ubaridi kiasi hutoa majike wengi, na ya joto hutoa madume wengi. Ukiwa Tanga na kizazi cha Februari kikawa karibu chote madume, usimlaumu muuzaji.

Andika daftarini tarehe jike alipopakata, tarehe watoto walipoonekana. Basi.

## Hatua ya 6: Jifunze dume na jike kabla ya kugusa wavu

Kizazi changu cha kwanza kilikuwa watoto mia hivi. Wiki ya sita, kwa hamu, nikawatoa wote waliopauka, sabini na kitu, nikabaki na thelathini wekundu wa kupendeza. Nikapiga picha. Nikasubiri mayai.

Miezi mitatu, tandiko kila mgongo, hakuna yai hata moja chini ya tumbo. Nilipima maji mpaka vipimo vikakaribia kuisha. Siku moja nikachungulia tangi la waliokataliwa: limejaa watoto.

Nilikuwa nimewatoa madume yote.

Dume la cheri huwa na rangi hafifu kuliko jike, hata katika ukoo bora. Ni dogo, jembamba, mstari wa chini wa tumbo umenyooka. Jike ni pana, tumbo limeshuka na kupinda kama ubavu wa mtumbwi, rangi imejaa. Kumpima dume kwa rangi ya jike ni kumhukumu kwa kesi ya mwingine.

Tofauti hizi hazionekani vizuri kabla ya miezi miwili. Kwa hiyo kanuni yangu ni kwamba hakuna kamba anayechujwa kabla ya siku 70. Unaruhusiwa kutoa mapema mtoto wa namna moja tu, yule mwenye kilema cha wazi cha mgongo.

Jipime hivi: chota kamba kumi bila kuchagua, waweke kwenye bakuli, andika dume au jike kwa kila mmoja. Rudia kesho kutwa na wengine kumi. Ukiwa na shaka na zaidi ya wawili kati ya kumi, bado mapema, kwako au kwao.

## Hatua ya 7: Siku ya kuchuja

Chagua siku ambayo hukubadilisha maji na hakuna aliyejivua gamba usiku. Kamba aliyetoka kujivua au aliyeshtuka hupauka kwa saa kadhaa.

Jaza bakuli jeupe maji ya tangi hilo hilo. Wachote watano watano, subiri dakika kumi watulie. Juu ya weupe kila mmoja hupauka kiasi, na hilo ndilo unalolitaka: kokoto nyeusi huficha udhaifu, bakuli jeupe huuanika. Muhimu ni bakuli lile lile na taa ile ile kila mara.

Tenganisha madume na majike kwanza. Kisha angalia, kwa mpangilio huu:

1. Mwili. Mgongo usio na kibyongo, ndevu nzima, mwendo wa haraka. Mgonjwa mwekundu ni mgonjwa.
2. Kujaa kwa rangi. Tafuta madirisha, vile vipande visivyo na rangi ubavuni. Kwa dume ruhusu madirisha madogo.
3. Uzito wa rangi. Mulika tochi kutoka nyuma. Rangi nzito hukata mwanga. Rangi nyepesi hung'aa kama glasi ya juisi.
4. Miguu. Ikiwa myekundu mpaka chini, huyo mweke pembeni.
5. Mayai, kwa jike aliyewahi kupakata. Jike wa wastani mwenye mayai 25 namchukua kabla ya malkia mwenye manane. Ukichagua rangi peke yake utaishia na kamba wazuri wasiozaa.

Linganisha waliozaliwa mwezi mmoja tu. Na wote wawe wamekula chakula kimoja: vyakula vyenye karotenoidi (rangi za asili kama ile ya karoti) hukoleza wekundu, ila rangi ya sahani hairithiwi.

Ukali wa mchujo uongeze polepole. Kizazi cha kwanza toa robo mbaya tu, kwa sababu bado hujui ukoo huu umeficha nini na unahitaji msingi mpana. Kizazi cha pili bakisha theluthi bora. Kuanzia cha tatu bakisha mmoja kati ya watano. Katika kamba mia, hiyo ni majike 14 na madume 6.

Kwa madume usiwe na haraka wala huruma. Jike mmoja hukupa mayai yake tu. Dume mmoja anaweza kuwa baba wa nusu ya tangi. Ukoo wangu ulisogea pale nilipoanza kutumia muda mwingi kwa madume kuliko majike, ingawa macho yanakataa, yanataka kutazama majike.

Mwenye shaka mrudishe tangini, mpime tena baada ya wiki. Ukimkataa mara mbili, aende.

## Hatua ya 8: Waliotolewa

Tangi la pili, na samaki wadogo wasiowala wakubwa. Wagawie watoto wa jirani. Wauze kwa jina lao halisi, "cheri mchanganyiko", si Sakura. Wanaofuga samaki wanaokula nyama huwachukua kama chakula, nami sioni aibu kuwapa.

Mahali pasiporuhusiwa ni mtoni, bwawani na kwenye mfereji. Kamba huyu ameshajikita porini nje ya kwao, kwa mfano kwenye mto Gillbach nchini Ujerumani, ambako maji ya moto ya kiwanda cha umeme humpa joto hata majira ya baridi. Kwetu joto lipo mwaka mzima. Ziwa Tanganyika lina kamba wadogo wasiopatikana kwingine duniani, na Ziwa Victoria lina Caridina nilotica, ambaye sangara wachanga humtegemea kwa chakula. Hata maji ya kubadilisha yamwage kwenye bustani, maana mtoto wa milimita mbili hutamwona ndani ya ndoo.

## Hatua ya 9: Kizazi cha tatu na damu mpya

Kutoka yai hadi mzazi aliyepimwa ni miezi minne hadi mitano, kwa hiyo tegemea vizazi viwili au vitatu kwa mwaka. Cha kwanza hakitakufurahisha. Cha pili utaanza kuona madirisha yakipungua. Cha tatu, ukiwa umefuata ukali niliotaja, majike mengi yawe yamejaa rangi, na madume kadhaa yawe mekundu kuliko majike ya kwanza uliyonunua.

Atatokea mmojammoja wa rangi ya udongo hata hivyo. Mtoe, usimtafutie sababu. Wakitokea kumi kwa mpigo, kuna mgeni aliingia, labda mtoto aliyejificha kwenye mosi uliyopewa na rafiki.

Shida ya kizazi cha tatu na kuendelea ni ndugu kuzaana na ndugu. Dalili zake: mayai yanapungua kutoka 25 hadi 10, watoto wanakufa wiki ya kwanza na maji yakiwa safi, migongo inapinda. Usisubiri dalili. Mwanzoni kabisa mpe rafiki nusu ya kamba wako, naye awachuje kwake kwa vigezo vile vile. Kila baada ya vizazi vitatu badilishaneni madume manne. Ni ukoo ule ule, rangi ile ile, lakini umetembea njia mbili.

Madume hayo yakifika, yakae wiki nne kwenye tangi la tatu kabla ya kuungana na wengine. Na ukiwa wewe ndiye unayetuma, usiwalishe siku moja kabla ya safari, jaza mfuko theluthi moja maji na theluthi mbili hewa, utie kipande cha mosi wapate pa kushika njiani, uufunge ndani ya mfuko wa pili. Juu yake andika kwa kalamu isiyofutika: tarehe ya kuanguliwa, namba ya kizazi, na TDS ya maji walimotoka.